Modeli za Ubora wa Programu: Kwanza Sema Unaitaka ya Kazi Gani

Hotuba kwa wasanidi wa programu, maafisa wa TEHAMA wa kaunti na mameneja wa sacco, Kisumu

Ndugu zangu, itifaki yote imezingatiwa. Mkiniruhusu sitawataja wageni mmoja mmoja, kwa sababu muda niliopewa ni mchache na harufu ya ngege wanaokaangwa huko nyuma imeshaanza kushindana nami.

Nimeombwa nizungumzie modeli za ubora wa programu, yaani miongozo ya kueleza, kupima au kutabiri ubora wa programu za kompyuta: ziko za aina gani, na mtu ataijuaje inayomfaa. Nitasema mapema ninakoelekea. Hatuna uhaba wa modeli. Zimekuwa zikiandikwa tangu miaka ya 1970 na hadi leo zinaongezeka. Tatizo ni kwamba tunachukua modeli iliyoundwa kwa kazi moja, tunaitwika kazi nyingine, na ikishindwa tunasema mambo ya ubora ni ya darasani, huku mashinani hayana faida.

Tuanze na karatasi ambayo karibu kila mmoja hapa amewahi kuishika: tenda ya kununua mfumo. Ukifika kwenye ukurasa wa mahitaji utakuta jedwali la safu tatu. Namba, sentensi, kisha visanduku viwili vya kuwekea alama, Ndiyo na Hapana. Mfumo uwe rahisi kutumia. Mfumo uwe wa kutegemeka. Mfumo uwe salama. Mfumo uweze kupanuka. Niambieni, mzabuni gani mwenye akili timamu ataweka alama kwenye Hapana? Wote wanapata alama zote, kazi inaamuliwa kwa bei, na mwaka haujaisha karani yuko dirishani akimwambia mama aliyepanda matatu ya alfajiri kutoka Ahero, "Mama, sistimu imelala, jaribu kesho."

Sentensi zile hazikutungwa na afisa wa ununuzi. Zina ukoo. Nyingi ni sifa za kiwango cha kimataifa cha ubora wa programu, ISO/IEC 25010, toleo la mwaka 2011, lenye sifa kuu 8 na vijisifa 31 chini yake. Zimenakiliwa kutoka tenda moja hadi nyingine mpaka hakuna anayekumbuka zilikotoka. Kiwango chenyewe hakina kosa. Kiliandikwa ili watu wanapotaja ubora wawe wanazungumzia kitu kimoja. Hakikuandikwa kikupe jibu kwamba mfumo ulio mbele yako umefaulu au umefeli, sembuse kukuambia kama utalala mwezi wa Desemba.

Hapo ndipo unapoingia mgawanyo ninaoupenda kuliko mingine yote. Mwaka 2009 Florian Deissenboeck na wenzake watatu huko Ujerumani walipendekeza tuzipange modeli kwa kazi yake. Ziko zinazofafanua ubora, ziko zinazoupima, na ziko zinazoutabiri. Basi. Mkulima wa mahindi wa Bungoma au Trans Nzoia anaijua tofauti hii bila kufundishwa na mtu. Ana masharti ya Bodi ya Nafaka na Mazao yanayosema mahindi mazuri ni yapi: punje zisiwe zimeoza, zisiwe na wadudu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Huo ni ufafanuzi. Akifika ghalani anakutana na kijana mwenye kipima unyevu. Punje zinamiminwa, kidude kinasoma 15.2, lori linageuzwa kwenda kuanika. Huo ni upimaji. Halafu kuna swali la tatu, ambalo mkulima hulala nalo: mahindi haya yakikaa stoo hadi Machi, yatashika aflatoksini, ile sumu ya ukungu, au hayatashika? Kipima unyevu peke yake hakilijibu. Linataka ujue stoo yenyewe, joto, uvujaji wa paa, na yaliyotokea misimu iliyopita. Huo ni utabiri.

Sasa fikiria mtu anakwenda ghalani na karatasi ya masharti tu, bila kidude, anawauliza wakulima, "Mahindi yako ni makavu? Ndiyo au Hapana?" Ndivyo tunavyonunua programu.

Niruhusuni nizipitie familia hizi tatu, maana kila moja ina ndugu wa kweli na ndugu wa kujidai.

Zinazofafanua ndizo kongwe na ndizo maarufu. Jim McCall na wenzake wawili, wakiwa General Electric, walitoa ripoti yao mwaka 1977 kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani. Walitaja vipengele 11 na wakavipanga kwa namna ambayo hadi leo naiona ya busara: programu ikiwa kazini, programu ikirekebishwa, na programu ikihamishiwa mahali pengine. Barry Boehm naye alikuwa na yake kipindi hicho hicho. Mwaka 1987 Robert Grady na Deborah Caswell wa Hewlett-Packard wakaeleza ile inayojulikana kama FURPS, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ya utendaji, urahisi wa kutumia, kutegemeka, kasi na uwezo wa kuhudumiwa. Mwaka 1991 likaja shirika la ISO na kiwango cha 9126, ambacho kilikusanya yote katika sifa 6. Kiwango cha 25010 kikakipokea kijiti mwaka 2011 kikiwa na 8, na toleo la 2023 likafikisha 9, kwa kuongeza swali la kama programu inaweza kudhuru watu, mali au mazingira. Kwa wenzangu wa hospitali, hiyo ya tisa muisome kwa makini.

Ukizilaza hizo zote mezani pamoja, utaona ugomvi wao mkubwa ni nini kiwe tawi na nini kiwe shina. Usiudharau ugomvi huo. Julai 2023 huduma za eCitizen zilishambuliwa na wadukuzi, watu wakakwama. Hakuna aliyehitaji kuiba nywila ya mtu. Ilitosha kuifanya huduma isipatikane. Haya, kupatikana kwa huduma ni suala la ulinzi au la kutegemeka? Watu wa usalama wa mitandao watakuambia ni letu, tumelihesabu tangu zamani. Kiwango cha 25010 kimeliweka chini ya kutegemeka. Ukiunda kamati mbili, moja ya ulinzi na nyingine ya utendaji, kila moja ikashika tawi lake kwenye kiwango, unaweza kukuta suala la kupatikana kwa huduma halina mwenyewe. Nimeiona kamati ya namna hiyo. Kila upande ulikuwa na imani kamili na upande wa pili.

Na lile jedwali la Ndiyo na Hapana lina babu. Vipimo vingi vya McCall vilikuwa orodha za maswali, mkaguzi anajibu ndiyo au hapana, majibu yanajumlishwa, kipengele kinapata namba. Mwaka 1977 hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini hata wakati ule aliyekuwa akijibu alikuwa mkaguzi. Hakuwa muuzaji.

Kwa vijana wanaoandika msimbo (code), kuna mzee mmoja wa Australia nataka mmjue, Geoff Dromey, aliyeandika mwaka 1995. Hoja yake ni kwamba huwezi kuketi chini ukaandika "kutegemeka" ndani ya programu. Unachoweza kuandika ni kigeu (variable) ambacho kimepewa thamani kabla hakijatumiwa, kitanzi (loop) ambacho kina mwisho, moduli, yaani kipande cha programu, ambayo haichokonoi mambo ya moduli jirani. Hivyo vitu vidogo vinavyoonekana ndivyo vinavyobeba sifa kubwa zisizoonekana. Mimi naona modeli ya Dromey haikupewa heshima yake. Ndiyo pekee kati ya zile za zamani ambayo ukimpa mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Chuo Kikuu cha Maseno atajua Jumatatu asubuhi afanye nini.

Familia ya pili, zinazopima. Hapa kuna modeli kama SQALE ya Ufaransa, inayogeuza kasoro za msimbo kuwa muda wa kuzirekebisha, ili meneja aelewe ana deni kiasi gani. Iko ya kampuni ya SIG ya Uholanzi, inayotoa nyota kwa urahisi wa kudumisha programu. Iko Quamoco ya Ujerumani, iliyojaribu kuziba pengo kati ya sifa za juu juu za ISO na vipimo vya chini kabisa vya msimbo. Faida yao ni kwamba zinatoa namba, na mashine ndiyo inayohesabu. Hasara yao ni hiyo hiyo: namba ikishatoka, watu huacha kuuliza imetoka wapi.

Chukueni ile fahirisi ya udumishaji, namba inayokadiria urahisi wa kudumisha msimbo, ambayo baadhi yenu mnaiona kwenye Visual Studio, programu ya kuandikia msimbo. Fomula yake ya asili inaanza na 171, kisha inapunguza kiasi fulani kwa ujazo wa msimbo, kiasi fulani kwa idadi ya njia ndani yake, kiasi fulani kwa idadi ya mistari. Hizo namba za kupunguza hazikushuka kutoka mbinguni. Zilipatikana miaka ya 1990 mwanzoni, kwa kulinganisha vipimo vya programu chache na maoni ya wahandisi wa Hewlett-Packard kuhusu programu zao wenyewe. Leo inatumika kwenye msimbo wa lugha ambazo wakati ule hazikuwepo. Na Visual Studio imeibadilisha iwe kati ya 0 na 100, ambapo kuanzia 20 kwenda juu rangi ni ya kijani. Ishirini! Mtoto wako akileta 20 kwa 100 nyumbani hutamwambia amefaulu. Meneja anaona kijani, anasaini, anaenda zake. Sisemi fahirisi ile haina maana. Ukiifuatilia mwezi hadi mwezi kwenye programu moja, ikiporomoka ghafla, kuna jambo. Lakini kuitumia kulinganisha muuzaji wa Nakuru na muuzaji wa Eldoret ni kujidanganya.

Familia ya tatu, zinazotabiri, ndizo zinazotamaniwa zaidi na kutumiwa kidogo zaidi. Jelinski na Moranda walianza mwaka 1972, John Musa akafuata 1975, Goel na Okumoto 1979. Wazo ni moja: ukijua hitilafu zimejitokeza lini na lini wakati wa majaribio, unaweza kuchora mstari na kukadiria zimebaki ngapi, au itapita saa ngapi kabla ya ijayo. Hesabu yake si ngumu sana. Kinachotushinda ni daftari. Modeli hizi zinakula rekodi: hitilafu ilitokea tarehe ngapi, saa ngapi, mfumo ukiwa umetumika kwa muda gani, ikarekebishwa lini. Na zinadhani majaribio yako yanafanana na matumizi halisi. Sasa wewe hitilafu zako ziko kwenye kundi la WhatsApp, katikati ya salamu za birthday na michango ya harusi. Hakuna modeli itakayokutabiria chochote kutoka humo. Ukitaka utabiri mwaka ujao, anza daftari mwezi huu.

Kuna ndugu wa kambo pia, wale wa CMMI na ISO 9001. Hao hawaangalii programu, wanaangalia karakana: wanaofanya kazi wanafuata utaratibu gani. Ni vizuri kujua. Ila cheti cha karakana si cheti cha bidhaa, na kwenye tenda zetu hivi viwili huchanganywa kila siku.

Mbali na kazi ya modeli, kuna swali la macho: inauona ubora kwa macho ya nani? David Garvin mwaka 1984 alisema kuna mitazamo mitano kuhusu ubora wa bidhaa yoyote, na mwaka 1996 Barbara Kitchenham na Shari Lawrence Pfleeger wakaihamishia kwenye programu. Kuna anayeuhisi bila kuweza kuueleza, kuna mtumiaji, kuna mtengenezaji anayetaka masharti yafuatwe, kuna anayechungulia ndani ya bidhaa yenyewe, na kuna anayeuliza kama inalingana na bei. Karibu modeli zote za msimbo ni za yule wa nne. Yule mama wa Ahero ni wa pili. Ndiyo maana unaweza kuwa na msimbo wa nyota nne na foleni inayofika barabarani.

Sasa nataka tukae kidogo mahali pamoja, karibu na kwetu, kwa sababu mfano huu unafundisha kuchagua kuliko jedwali lolote.

Mosoriot, kule Nandi, mwendo mfupi kutoka Eldoret, kuna kituo cha afya. Februari 2001 kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Ulikuwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kwa kituo kimoja, wagonjwa wanaoingia na kutoka mlango ule ule, ulikuwa mfumo mzuri. Kisha mpango wa AMPATH wa kuhudumia wenye virusi vya UKIMWI ukakua, zahanati zikaongezeka, fomu zikawa zinabadilika kila mara kwa sababu matibabu yenyewe yalikuwa yanabadilika. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, walipouangalia waliona hautaweza kubeba kinachokuja. Kutokana na haja hiyo ikazaliwa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ambayo Eldoret ilianza kuitumia mwaka 2006, na ambayo leo ndiyo msingi wa KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa Kenya, na mifumo ya nchi nyingine nyingi.

Je, ule mfumo wa Access ulikuwa na ubora mbaya? Ukiupima kwa mahitaji ya kituo kimoja, hapana. Kilichobadilika ni mazingira, na mazingira yakabadilisha ni sifa ipi inayotawala. Na angalieni walichochagua. Badala ya kuwa na safu moja ya jedwali kwa kila swali la fomu, walijenga kamusi ya dhana: kila swali na kila jibu ni ingizo kwenye kamusi, na kila anachoandika daktari ni mstari mmoja unaorejelea kamusi hiyo. Daktari akitaka swali jipya, huongezi safu, unaongeza dhana. Hiyo ni kuweka unyumbufu mbele ya kila kitu. Bei yake ikalipwa kwingine: ripoti zikawa nzito, kwa sababu kupata habari za mgonjwa mmoja inabidi kukusanya mistari mingi iliyotawanyika. Ndiyo maana mifumo hii huja na majedwali bapa pembeni, yanayojazwa kwa ajili ya ripoti tu.

Hakuna modeli ya orodha itakayokuambia hayo. Orodha inazipanga sifa kama vile zote zinaweza kupanda pamoja. Hazipandi pamoja. Ukivuta moja, nyingine inashuka, na kazi ya anayechagua ni kusema wazi ipi iko tayari kushuka.

Walioshindwa kuyauliza mazingira wapo hata kwenye mataifa yenye fedha. Juni 4, 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila shida. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, kompyuta ya mwelekeo ikazima. Programu ile ile, anga tofauti.

Basi unachaguaje? Naanza na uamuzi, sianzi na modeli. Kuna uamuzi gani unaokusubiri? Kama ni kuchagua kati ya wauzaji watatu, unahitaji upimaji, na upimaji wa kile mtumiaji anachokiona, kwa sababu msimbo wao huenda hata hutaonyeshwa. Kama ni kuamua kama mfumo uliojenga mwenyewe utolewe wiki hii au usubiri, ndipo zile za utabiri zina maana, iwapo una daftari. Kama wewe na mteja hamjaelewana hata mnazungumzia nini, chukua 25010, keti naye, pitieni sifa moja moja na mfute zisizowahusu. Kama unachukua programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, kama OpenMRS yenyewe, zipo modeli zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, QSOS ya mwaka 2004 na OpenBRR ya 2005, na zinauliza jambo ambalo McCall hangeweza kuliuliza: nyuma ya programu hii kuna watu wangapi, wanajibu maswali, toleo la mwisho lilitoka lini? Msimbo mzuri ulioachwa na wenyewe ni mzigo.

Ukishajua uamuzi, namna ya kushuka hadi kwenye kipimo iliandikwa na Victor Basili na David Weiss mwaka 1984, kutokana na kazi waliyofanya na NASA. Lengo, swali, kipimo, kwa mpangilio huo. Tuifanye hapa hapa, kwa sacco. Lengo: mwisho wa mwezi wanachama wasikae foleni ndefu. Swali: kuanzia mwanachama anapotoa kitambulisho hadi anaposhika risiti, muda unaenda wapi? Hapo unasimama nyuma ya karani na simu yako, unabonyeza saa. Utagundua mambo. Utaona karani anafunga dirisha moja ili afungue jingine, anaandika namba ya uanachama kwenye kikaratasi kwa sababu dirisha la mikopo haliikumbuki ile aliyoiandika kwenye dirisha la akiba. Hicho kikaratasi kilichobandikwa kwenye skrini ni kipimo cha ubora, na hakuna kifaa cha kuchunguza msimbo kitakachokiona. Na usipime tarehe 12, wakati ofisi imetulia. Pima tarehe 30.

Baada ya hapo, ile sentensi ya "mfumo uwe na kasi" inakufa, na badala yake unaandika: makarani 8 wakiwa kazini kwa wakati mmoja, risiti itoke ndani ya sekunde 5 katika miamala 95 kati ya kila 100, na jaribio litafanywa na sacco kwa data yake kabla ya malipo ya mwisho. Ile ya "mfumo uwe wa kutegemeka" unaandika: umeme ukikatika katikati ya muamala, muamala uwe umeingia wote au haujaingia kabisa, tutachomoa plagi mara 10 mbele yenu tuone. Namba hizo ni za mfano, weka zako. Lakini angalia sura ya mzabuni akisoma neno "tutachomoa".

Usiandike masharti ya namna hii kwa sifa zote tisa. Hutaweza kuyapima, na sharti lisilopimwa ni pambo. Chagua tatu au nne. Nyingine ziache kwenye mazungumzo.

Moja, hata hivyo, huna ruhusa ya kuichagua au kuiacha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na pia maelezo ya mali yake. Kwa hiyo wa hospitali mmo, na wa sacco mmo. Data ikivuja, na kuna hatari ya kweli ya wenye data kudhurika, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Igeuzeni hiyo kuwa kipimo: leo, bila kumpigia simu muuzaji, je, mnaweza kuonyesha nani aliifungua rekodi ya mwanachama fulani wiki iliyopita? Kwenye 25010 hilo limo chini ya ulinzi, kama uwezo wa kumjua aliyefanya jambo. Ofisi nyingi makarani wote wanaingia kwa jina moja na nywila moja. Hapo jibu limeshapatikana, na hukuhitaji mshauri.

Kabla sijaketi, meneja mmoja aliniuliza mlangoni kama ni lazima anunue viwango hivi. Viwango vya ISO vinauzwa, ndiyo. Ripoti ya McCall ya 1977 iko wazi kwa umma, na QSOS ni ya bure. Kwa sacco ndogo, hizo mbili na njia ya Basili zinatosha kuanzia. Lakini kama tenda yako inakitaja kiwango kwa namba yake, basi angalau mtu mmoja ofisini awe amekisoma, na mtu huyo awe kwenye kamati ya ukaguzi na kupokea mfumo, asiachwe kwenye kamati ya kufungua zabuni pekee.

Haya, maswali. Tuanze na yule dada wa karibu na dirisha. Mkono wake uko juu tangu nilipotaja Visual Studio.